Sema Kabla Hujameza!

Simama! Hapo hapo dukani, simama. Usikitie kinywani hicho kidonge. Usiombe maji. Usiseme "nitauliza kesho."

Hiki ninachotaka kukuambia si kigeni kwako. Umekisikia kliniki, umekisikia redioni, umekisikia kwa somo wako aliyekufunda: dawa anayoimeza mama haiishii kwa mama. Unajua! Unajua, na bado unachelewa. Unasubiri siku zako zirudi. Unasubiri mume arudi safari. Unasubiri tumbo lichomoze ndipo useme. Wewe unasubiri, dada yangu, lakini yule aliye ndani hasubiri.

Njoo tuhesabu.

Mimba imetungwa. Wiki mbili baadaye, hedhi haikuja. Siku ya 22 hivi tangu kutungwa, moyo unaanza kupiga. Siku ya 28, mfereji wa ubongo na uti wa mgongo umeshafungwa. Hesabu tena! Siku ya 28 wewe umechelewa hedhi wiki mbili tu. Wiki mbili! Bado unasema ni uchovu, ni hali ya hewa, ni ile sindano ya uzazi wa mpango uliyoiacha. Hujanunua kipimo, hujamwambia mtu, hujakanyaga kliniki. Na kazi kubwa imekwisha kufanyika bila wewe kujua.

Inafanyikaje? Mahali patakapokuwa ubongo na uti wa mgongo pana utando bapa, mwembamba mno. Kingo zake mbili zinanyanyuka, zinaelekeana, zinakutana, zinashikana kwa urefu wote, kama kingo za sambusa zinavyobanwa kabla ya kutiwa mafutani. Zisiposhikana kwa chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Zisiposhikana kwa juu, ubongo na fuvu haviumbiki, na mtoto huyo haishi. Daktari wa upasuaji anaweza kufunika kidonda cha mgongoni. Siku ya 28 hawezi kuirudisha!

Na haiishii hapo. Mpaka wiki ya nane tangu kutungwa, vyumba vya moyo vimegawanyika, vidole vimeachana, mdomo wa juu umeungana. Yote hayo ndani ya majuma ambayo wengi wetu bado tunasema, "ngoja nione mwezi ujao."

Sasa sikia jambo linalonikosesha usingizi. Dalili za mimba changa ndizo hizo hizo zinazokupeleka dukani! Unakwenda haja ndogo kila saa, unasema una UTI. Mwili mzito, kichefuchefu, kichwa kinauma, unasema una malaria. Ute umeongezeka, unasema una fangasi. Mtoto anabisha hodi kwa njia aliyopewa, nawe unamjibu kwa antibayotiki! Katika majuma yale yale ambayo anaumbwa, ndimo unamoingia dukani mara nyingi kuliko kawaida yako. Ndiyo maana nakushika mkono leo. Ndiyo maana sisubiri adabu.

Tazama Jumamosi jioni, dukani, dirisha lenye nondo. Nyuma yako kuna foleni, kwa hiyo unasema kwa sauti ya chini: "Nipe dawa ya UTI." Muuzaji hakuulizi. Wewe husemi. Mkasi unakata karatasi ya vidonge katikati, nusu inatumbukizwa kwenye kibahasha, kalamu inaandika 1x2 juu yake, noti inapita kwenye nondo, imekwisha. Na jina la dawa? Jina la dawa limebaki kwenye ile nusu iliyorudi kabatini!

Hujui umemeza nini. Nesi kesho hatajua umemeza nini. Maneno matatu yamekosekana pale dirishani, matatu tu: "Huenda nina mimba."

Kwani ingekugharimu nini kuyasema?

Nisikie vizuri. Huenda kibahashani mna doksisaiklini, hii mnayoiita doksi, ndugu wa tetrasaiklini. Dawa za ukoo huu hushikana na kalsiamu. Na kalsiamu ya mtoto inakwenda wapi? Kwenye mifupa! Kwenye meno! Kuanzia mwezi wa nne hivi, meno ya utoto yanapoanza kujengwa yangali ndani ya ufizi, tetrasaiklini huingia nayo na kukaa humo. Mtoto anaota meno ya manjano, yanageuka kahawia, na hakuna mswaki wa kuyafuta. Ikitumiwa kwa muda mrefu, hata mifupa hupunguza mwendo wa kukua. Kweli, ushahidi dhidi ya doksi ni hafifu kuliko ule dhidi ya tetrasaiklini ya zamani. Lakini kwa nini umfanyie mwanao majaribio, wakati amoksilini na azithromaisini zimekaa kwenye rafu ile ile, zimetumiwa na wajawazito miaka na miaka, na zinasubiri useme tu?

Au huenda mna Septrin. Ee mama, hapa tukae kidogo!

Septrin imechanganywa dawa mbili, na moja yake, trimethoprimu, huua bakteria kwa kuwaharibia matumizi ya foleti. Bila foleti bakteria hawezi kujigawa. Vizuri! Lakini nani mwingine anajigawa mchana na usiku, asubuhi na jioni, bila kupumzika? Nani mwingine anaililia foleti hiyo hiyo ili afunge mgongo, agawe moyo, aunge mdomo? Mwaka 2000 watafiti wa Boston walichapisha walichokiona kwa maelfu ya akina mama: waliotumia dawa za aina hii katika miezi ya mwanzo walipata zaidi watoto wenye kasoro za moyo na mdomo sungura. Na waliona jambo jingine, la kutia moyo: vidonge vyenye foliki asidi, yaani foleti hiyo hiyo, vilionekana kupunguza hatari hiyo. Unaona? Njia ya kurudi ipo. Lakini anayepewa njia hiyo ni yule aliyesema!

(Na wewe unayeishi na VVU, ambaye daktari amekuandikia Septrin kila siku kwa kinga, usiitupe kwa sababu yangu. Shirika la Afya Duniani linataka uendelee nayo hata ukiwa mjamzito, kwa sababu nimonia inayozuiwa ni hatari kuliko dawa. Mimi nalia na Septrin ya dirishani, isiyoulizwa, isiyo na sababu.)

Halafu kuna vidonge vya fangasi. Flukonazoli. Kidonge kimoja, unaambiwa, unameza mara moja na kwisha. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: akina mama waliotumia miligramu 400 hadi 800 kila siku katika miezi mitatu ya mwanzo walizaa watoto wenye nyuso na mafuvu yasiyo ya kawaida, kaakaa lililopasuka, mbavu nyembamba, viungo vilivyokakamaa. Hizo ni dozi kubwa, za magonjwa makubwa kama homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Kidonge kimoja cha miligramu 150 hakijaonyesha balaa hilo, nami sitakudanganya ili nikutishe. Lakini nani kakwambia utakunywa kimoja? Fangasi za ukeni hurudi, hasa wakati wa ujauzito. Wiki hii kimoja, wiki ijayo kimoja, mwezi ujao viwili! Na ipo dawa ya kupaka na ya kuweka ukeni, klotrimazoli, siku saba, inayotibu pale pale panapowasha. Iombe kwa jina!

Zimo nyingine. Griseofulvini ya mapunye hailiwi na mjamzito, na mwanamume aliyeimeza anashauriwa asitungishe mimba mpaka miezi sita ipite. Ribavirini, iliyotumiwa kwa homa ya ini aina ya C, ni mwiko kwa mke na kwa mume vile vile. Streptomaisini, ile sindano ya zamani ya kifua kikuu, imewahi kuacha watoto viziwi kabla hawajasikia sauti ya mama zao. Dawa za minyoo, albendazoli na mebendazoli, hazitolewi kliniki miezi mitatu ya mwanzo, ila wewe unazinunua kama peremende.

Unaniambia: "Mbona zinauzwa? Zingekuwa mbaya zingeuzwa?"

Thalidomidi iliuzwa!

Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957, bila cheti cha daktari, ikisifiwa kwamba haina madhara, haina kifani, inamfaa hata mjamzito anayetapika asubuhi. Mama walilala usingizi mtamu. Watoto walizaliwa viganja vimeota mabegani, au bila mikono kabisa, au bila masikio. Kidonge kimoja, katika siku mbaya, kilitosha! Mpaka madaktari Widukind Lenz huko Hamburg na William McBride huko Sydney wanapiga kelele mwaka 1961, na dawa inaondolewa Ujerumani mwezi Novemba mwaka huo, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameguswa.

Na Marekani? Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu ya mwanamke mmoja mezani kwenye mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, aliyeletewa maombi ya dawa hiyo aidhinishe. Kampuni ilimsukuma, ilimnung'unikia, ilimrudia tena na tena. Naye aliuliza. Aliuliza ushahidi uko wapi, akauliza tena, akakataa kutia saini. Swali la mtu mmoja, lililorudiwa bila haya! Nawe unaona aibu kumuuliza muuzaji swali moja kwa sababu ya foleni?

Usidhani habari hiyo imezikwa. Mwaka 1964, Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alimpa thalidomidi mgonjwa wa ukoma aliyekuwa hapati usingizi kwa maumivu. Vidonda vilianza kutulia. Dawa ile ile ikarudi duniani kwa mlango wa maradhi ya kuambukiza, kwa sababu inatuliza mchafuko mkali wa mwili unaowapata baadhi ya wenye ukoma. Brazili, nchi yenye wagonjwa wengi wa ukoma, iliitumia sana, na watoto wenye alama zile zile wakazaliwa tena huko. Kwenye pakiti waliweka picha ya mwanamke mjamzito iliyopigwa mstari, maana yake usinywe ukiwa na mimba. Wapo walioitazama picha ile wakaelewa kwamba ni dawa ya kuzuia mimba! Walivutwa na picha iliyowekwa ili iwafukuze!

Picha haikutosha. Karatasi ndani ya boksi haikutosha. Panapokosekana mdomo unaosema na sikio linalosikia, hakuna kinachotosha.

Lakini ngoja! Usigeuke sasa ukakimbilia shimo la pili!

Maana najua kuna anayesoma hapa akaapa moyoni: "Basi, sigusi dawa yoyote mpaka nijifungue." Hapana! Hapana, mama! Hiyo nayo ni njia ya mauti, na wengi wamepita huko wakijiona wana busara.

Kaswende isiyotibiwa inavuka hadi kwa mtoto. Inamuua tumboni, au inamleta duniani na mifupa iliyoharibika, macho yenye ugonjwa, masikio yasiyosikia. Ni ulemavu kamili, na haukuletwa na dawa: umeletwa na kukosa dawa! Na dawa yake ni penisilini, sindano ya benzathini, yuniti milioni 2.4, ambayo kaswende ikiwa changa inaponya kwa kuchomwa mara moja, na ambayo hufika hadi kwa mtoto ikamtibu yeye pia. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Uliletewa kliniki, ukasema utapima ukija na mwenzio. Alikuja?

Malaria ya mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma, inamla damu mama, inamnyima mtoto uzito, inaharibu mimba. Zamani katika miezi mitatu ya mwanzo tulipewa kwinini, chungu, masikio yanavuma, wengi wakaacha dozi katikati. Tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali dawa ya mseto, ile ya artemetha na lumefantrini, itumike hata katika miezi hiyo mitatu. Dozi ipo! Lakini pima kwanza. Toa damu, ngoja majibu, ndipo umeze. Usitibu kichefuchefu cha mimba kwa dozi ya malaria.

Na zile SP za kliniki za kukinga malaria, vidonge vitatu unavyomeza mbele ya nesi? Hizo huanza baada ya wiki ya 13, si kabla, mwezi hadi mwezi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Usizikimbie kwa sababu umesoma habari hizi. Usizitafute mapema dukani kwa sababu mbu wamezidi. Ukiwa unatumia Septrin, sema, kwa sababu hizo mbili hazichanganywi. Ukiwa umenunua foliki asidi ya miligramu 5 kwa hiari yako, sema, kwa sababu wingi huo huidhoofisha SP. Unaona mambo yanavyoshikana? Unaona kila kitu kinavyosubiri neno lako?

Hata UTI yenyewe, ikiwa ni UTI kweli, haifai kuachwa. Inapanda hadi kwenye figo, inaleta homa kali, inaleta uchungu kabla ya wakati. Mkojo upimwe! Ikiwezekana uoteshwe, bakteria ajulikane, achaguliwe dawa yake. Kwa mjamzito zipo amoksilini, zipo sefaleksini, na ipo nitrofurantoini, ambayo haifai tu pale siku za kujifungua zinapokaribia. Hujanyimwa matibabu. Umenyimwa yale ya kubahatisha tu!

Nataka uone nguvu ya kusema inavyofika mbali.

Mei 2018, Botswana. Watafiti waliokuwa wakiandika kila uzazi katika hospitali kubwa za nchi waliona jambo lililowashtua: kwa akina mama 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, dawa mpya na bora ya kufubaza VVU, watoto 4 walizaliwa na kasoro za mfereji wa ubongo na mgongo. Kwa dawa nyingine ilikuwa kama mtoto 1 katika 1,000. Hofu ikatanda! Serikali zikasita, na Kenya ikiwemo. Wanawake wenye umri wa kuzaa wakaanza kunyimwa dawa ambayo wanaume walipewa siku hiyo hiyo.

Nao wakanyamaza? Julai 2018 wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali, wakasema kwa sauti moja: tupeni habari zote, tupeni njia za kupanga uzazi, tuacheni tuchague wenyewe! Na kule Botswana wakunga waliendelea kuandika, mtoto baada ya mtoto, wakimtazama kila mmoja mgongo, kichwa na mdomo. Hesabu ilipokua, ile tofauti ilipungua. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wenye umri wa kuzaa wakiwemo. Vizazi vilipofika maelfu, tofauti ikatoweka kabisa.

Kwa hiyo wewe uliyeanza kuruka vidonge vyako vya VVU tangu ujue una mimba, kwa sababu ya jambo ulilosikia nusu mwaka ule, rudi! Rudi leo! Kila kidonge unachokiacha kinawafungulia virusi mlango wa kumfikia mtoto. Na wewe wa kifua kikuu, dozi yako ya kawaida ya miezi sita inamezwa katika ujauzito. Kinachokuua wewe na mwanao ni kuikatiza. Usiache kimya kimya, kama vile usivyopaswa kuanza kimya kimya.

Kaka, unayepitisha macho hapa ukidhani hayakuhusu, geuka nikuone. Wewe ndiye unayetumwa dukani! "Mletee mama Asha dawa ya tumbo," nawe unaleta, hujui ya nini, hujauliza, hujamwambia muuzaji kwamba mkeo amepitiliza siku zake. Wewe ndiye uliyemletea ugonjwa wa zinaa, ukajitibu mwenyewe kwa doksi za rafiki yako, ukamgawia nusu ili asijue zaidi. Umempa mjamzito doksi ya siri! Acha. Mchukue mkaingie wote wawili, mpimwe wote wawili, mtibiwe wote wawili, kila mmoja kwa dawa inayomfaa.

Mama mkwe, wewe uliyehifadhi vidonge vilivyobaki ndani ya kikombe cha kabatini ili vimfae mwingine, vitoe. Havimfai.

Na wewe unayekaa nyuma ya nondo! Wewe ninakusihi kuliko wote, kwa sababu mimba nyingi changa za mtaa huu hupita mbele yako kabla hazijapita mbele ya mkunga. Ulisomeshwa. Una cheti ukutani. Unajua vizuri sana ni dawa ipi ina alama ya hatari na unajua nusu ya wateja wako ni wanawake wa umri wa kuzaa. Muulize kila mmoja: "Siku zako za mwisho lini?" Muulize mwenye pete na asiye na pete, mwanafunzi na mama wa watoto sita. Akisita, kipimo cha mimba kipo hapo kabatini kwako, mpe hicho kwanza. Andika jina la dawa kwenye kibahasha. Jina zima! Na ukiona jambo limekuzidi, mrudishe hospitali ukose hiyo faida ya leo. Umekosa nini? Na umemwokoa nani?

Sasa nimebakiza mmoja. Nimekuona tangu mwanzo, umenyamaza, mkono uko tumboni. Wewe umekwisha kumeza.

Umemeza wiki iliyopita, au mwezi jana, kabla hujajua. Umesoma mpaka hapa ukitetemeka, na moyoni unajiuliza kama ufiche, kama uitoe, kama ukimbie. Nisikilize wewe peke yako sasa.

Usiitoe mimba kwa hofu! Katika watoto 100, takriban 3 huzaliwa na kasoro kubwa hata pale mama hakugusa dawa yoyote. Na wengi, wengi mno wa waliomeza bila kujua, dozi fupi za hizi nilizozitaja, wamezaa watoto wazima. Hatari kupanda si hukumu kukatwa. Usiache dozi katikati kwa kukisia. Usimeze nyingine ili kuifuta ya kwanza. Usikae na siri hii mpaka wiki ya thelathini.

Tafuta kile kibahasha, hata kama kimekunjamana chini ya mkoba. Kama hakina jina, rudi dukani ukaombe waonyeshe ile nusu ya karatasi ya vidonge iliyobaki, uandike jina lake, na uandike tarehe uliyomeza. Kumbuka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Nenda na vitu hivyo vitatu kliniki, siyo siku ya tarehe ya kadi, siyo mwezi ukiisha: kesho asubuhi! Mwambie mkunga, "Nilimeza hii, siku hii, nikiwa sijui." Atahesabu majuma pamoja nawe. Atakupa foliki asidi kwa kipimo kinachofaa. Atakupima kaswende, damu na mkojo siku hiyo hiyo. Atakuandikia kipimo cha picha ya tumbo cha kati ya wiki ya 18 na ya 22, ambapo mgongo, moyo na mdomo huonekana, na kama pana jambo, litajulikana mapema, na utajifungulia mahali penye madaktari wanaomngojea mtoto wako badala ya kushtushwa naye.

Na akikufokea? Wapo wanaofoka, najua, na ni kwa sababu yao wengi huficha. Ukifokewa, baki umesimama, useme tena. Ukifokewa mara ya pili, muombe mwingine. Usitoke nje ya geti lile na jina la dawa likiwa bado limo mdomoni mwako!